Akishavaa joho la PhD, nani anamshika mkono? Safari ya mhadhiri hadi uprofesa

Kila Sekretarieti ya Ajira inapotoa tangazo la nafasi za kufundisha vyuoni, mjadala uleule huzuka Dodoma, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye daladala za kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Huyu anauliza kijana mwenye shahada moja atafundishaje chuo kikuu. Yule analalamika kwamba mwanawe ana masters na bado jina lake halikuitwa kwenye usaili. Wa tatu haelewi kwa nini mtu aliyemaliza PhD anaendelea kuitwa mhadhiri badala ya profesa, au kwa nini jirani yake pale Iyumbu anapokea mshahara huku mwaka wa nne huu anasemekana "yuko masomoni".

Maswali yote hayo yana mzizi mmoja, nao ni namna chuo kinavyomwajiri, kumsomesha na kumpandisha cheo mtu anayefundisha. Wenyewe huita kuendeleza wanataaluma. Mwanataaluma hapa ni mtumishi ambaye kazi yake ni kufundisha, kutafiti na kutoa huduma za kitaalamu kwa jamii. Mhasibu wa chuo, dereva na ofisa utumishi ni waendeshaji, na ngazi zao ni nyingine. Kanuni za jambo hili si siri. Zimekaa tu kwenye miundo ya utumishi na miongozo mirefu ambayo hata baadhi ya wahadhiri huifungua siku wanayotaka kupanda cheo, na mara nyingi siku hiyo wameshachelewa.

Vyeo sita, shahada tatu

Kwenye chuo kikuu cha umma ngazi ya kwanza ni mkufunzi msaidizi, ambaye karibu kila mtu chuoni humwita TA. Ana shahada ya kwanza, na matangazo ya ajira humtaka awe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Anayefuata ni mhadhiri msaidizi, mwenye shahada ya uzamili, yaani masters, na GPA ya uzamili isipungue 4.0. Hapo ndipo mtoto wa yule mzazi alipokwama. Masters ya 3.7 ni halali kabisa na itamfaa mtu wizarani, benki au kwenye shirika, ila mlango wa kufundisha chuo kikuu una kipimo chake. Wengi pia hawajui kwamba GPA ya shahada ya kwanza hutazamwa tena hata kama tayari una ya pili.

Akipata shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo PhD, anakuwa mhadhiri. Juu ya mhadhiri yuko mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa.

Ukihesabu utaona vyeo ni sita na shahada ni tatu. Vyeo vitatu vya juu havina darasa la kuvisomea. Mtu akihitimu udaktari wa binadamu ni daktari siku hiyohiyo, lakini hakuna chuo kinachotunuku uganga mkuu wa mkoa. Hicho ni cheo cha kazi. Uprofesa nao ni cheo cha kazi. Kwa hiyo PhD ni ya mwisho kwenye orodha ya shahada, ila kwenye orodha ya vyeo inakufikisha katikati tu. Anayemuuliza mhadhiri "uprofesa unausomea wapi?" anauliza kitu kisichokuwepo.

Kuna na mkanganyiko wa kifupisho "Dkt." mbele ya jina. Yupo anayekipata kwa udaktari wa tiba, yupo wa PhD aliyoandikia tasnifu na kuitetea, na yupo wa heshima, anayetunukiwa na chuo kwa mchango wake. Hayati John Magufuli alikuwa na viwili vya mwisho: PhD ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 2009, na udaktari wa heshima aliopewa na UDOM Novemba 2019. Ule wa heshima ni heshima kweli, lakini haumpandishi mtu hata ngazi moja kati ya hizo sita.

Tumrudie kijana wa shahada moja. TA yuko pale kama mwanafunzi wa kazi. Kwa utaratibu anapaswa kuendesha semina, kusimamia maabara na kusahihisha, akiwa chini ya mhadhiri mwenye kozi, huku akijiandaa kwenda kusoma masters. Huo ndio utaratibu. Nionavyo mimi, kwenye vyuo vichanga TA hubeba zaidi ya kilichoandikwa kwenye barua yake, na sababu yake ni ya kihistoria. UDOM ilifunguliwa mwaka 2007 ikiwa na mpango wa kufikisha wanafunzi 40,000. Maprofesa wa kutosha chuo cha ukubwa huo hawapatikani soko la Majengo. Ilibidi kuwaajiri vijana waliofaulu vizuri na kuwasomesha, na kwa miaka ile ya mwanzo idara ikawa na vijana wengi na wazee wachache, wakati idara yenye afya inahitaji wazee wa kutosha wa kuwalea hao vijana.

"Yuko masomoni"

Jirani wa Iyumbu hayuko likizo. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa rasmi ya masomo huendelea kulipwa, na kwa kawaida husaini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri kwa kipindi fulani baada ya kumaliza. Akikimbia, anadaiwa. Serikali inalipia kwa sababu chuo kikuu bila watu wenye PhD hakiwezi kuanzisha programu mpya za uzamili na uzamivu, wala Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haiwezi kuziidhinisha. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia Tanzania dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021, watu wengi wanauona kwenye majengo yanayoota vyuoni. Sehemu yake nyingine haionekani barabarani: ni kusomesha wanataaluma.

Mbona basi miaka inapita? Kwenye karatasi PhD ni miaka mitatu au minne. Lakini kuna anayesoma akiwa ameachiliwa kabisa na majukumu ya kazi, na kuna anayesoma huku anafundisha. Huyu wa pili asubuhi yuko kwenye ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mchana anasimamia mitihani, na tasnifu anaigusa usiku watoto wakishalala. Ukisikia yuko mwaka wa sita, kabla ya kumwita mvivu muulize kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

Hata hivyo, katika kipindi hicho chote ana vitu vitatu ambavyo atavikumbuka baadaye: msimamizi anayesoma kazi yake, tarehe ya mwisho, na fedha zilizotengwa kwa jina lake, hata kama ni kidogo.

Baada ya mahafali

Siku anayorudi ofisini na PhD, vyote vitatu vinaondoka kwa pamoja. Anapewa kozi tatu, uratibu wa mitihani wa idara, ujumbe wa kamati mbili na wanafunzi wa kuwasimamia. Hakuna tena anayemuuliza ameandika kurasa ngapi. Na kuanzia hapo cheo kinachofuata kinategemea hasa kile ambacho hakuna anayemuuliza, yaani machapisho.

Ili mhadhiri awe mhadhiri mwandamizi anatakiwa awe amekaa kwenye cheo chake walau miaka mitatu, awe anafundisha vizuri, na awe amekusanya pointi za machapisho. Makala ya kitaaluma iliyochapishwa kwenye jarida linalotambulika ina pointi zake. Mkiandika wengi, hesabu huangalia mko wangapi na mchango wa kila mmoja. Kitabu na sura ya kitabu navyo vina hesabu yake. Zinazohesabika ni kazi za tangu ulipopanda mara ya mwisho, kwa hiyo huwezi kulitumia chapisho lilelile mara mbili. Faili hutoka idarani kwenda ndaki, yaani kitengo kinachokusanya idara kadhaa, kutoka hapo huingia kwenye kamati za chuo, na machapisho yenyewe hutumwa kwa wasomaji wa nje, maprofesa wa vyuo vingine wanaotoa maoni kama kazi inafikia kiwango. Msomaji wa nje akikaa na kazi miezi, faili nalo linakaa miezi. Mwisho wa safari ni Baraza la Chuo au kamati yake. Anayedhani mkuu wa idara akimpenda mtu basi anampandisha, hajaona urefu wa njia hiyo.

PEPMIS ni jambo lingine. Ule ni mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma wote, uliochukua nafasi ya OPRAS. Unaweza kufikia malengo yako yote ya mwaka humo na bado usiwe na makala hata moja.

Kupanda au kutopanda kuna uzito kuliko heshima ya kuitwa mwandamizi. Mshahara unabadilika, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni la kustaafu. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, umri wa kustaafu kwa lazima wa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa ukasogezwa kutoka miaka 60 hadi 65. Mhadhiri wa kawaida amebaki kwenye 60. Watu wawili walioajiriwa siku moja, wanaofundisha korido moja, wanaweza kuachana kwa miaka mitano ya kazi kwa sababu mmoja alichapisha na mwenzake hakuchapisha.

Jarida gani?

Hapa ndipo wahadhiri wengi vijana wanapoumia, na ningependa kukaa hapa kidogo.

Jarida la kitaaluma lenye sifa halichapishi makala kwa sababu mhariri ameipenda. Huituma kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, kwenye majarida mengi bila kuwatajia mwandishi, nao huikosoa. Mwandishi hurekebisha, huirudisha, na wakati mwingine hukataliwa baada ya mwaka mzima wa kusubiri. Kazi hii wakosoaji huifanya bila malipo, ndiyo maana haina haraka.

Majarida mengine msomaji hulipia ili asome. Mengine ni ya ufikiaji huria, kila mtu anasoma bure, na gharama anabebeshwa mwandishi. Ada hiyo si mchezo: jarida la Nature lilipotangaza njia hiyo mwishoni mwa mwaka 2020, liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja. Mengi ni nafuu kuliko hapo, lakini hata dola elfu moja ni mzigo kwa mshahara wa mhadhiri. Wachapishaji wakubwa huwa na msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini. Na Julai 2020, tulipokuwa tukishangilia Benki ya Dunia kuiingiza Tanzania kwenye uchumi wa kati wa chini, kwa baadhi ya wachapishaji msamaha kamili uligeuka kuwa punguzo tu. Sikumbuki kusikia mtu akilitaja kwenye zile sherehe. Ushauri wa vitendo ni huu: omba msamaha au punguzo unapowasilisha makala. Ikishakubaliwa, wengi hawasikilizi tena.

Penye uhitaji na haraka, matapeli hawakosi. Kuna majarida yanayojiita ya kimataifa, yanakuandikia barua pepe yakikuita "profesa mashuhuri" wakati wewe ni TA, na yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Hakuna anayeikosoa makala yako. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kutibu saratani, akaijaza makosa ambayo mkosoaji makini angeyakamata mara moja, akaituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Zaidi ya nusu yaliikubali. Matokeo ya mtego huo yalichapishwa kwenye jarida la Science.

Hasara ya kuangukia huko inakuja kwa kuchelewa. Unalipa leo, makala inatoka wiki ijayo, unafurahi. Baada ya miaka mitatu faili linafika kwenye kamati, jarida linaonekana halina hadhi, pointi zinafutwa, na makala yenyewe huwezi kuipeleka kwingine kwa sababu imeshachapishwa. Kabla ya kutuma angalia kama jarida limo kwenye orodha ya DOAJ ya majarida huria yaliyochunguzwa, au kwenye AJOL inayohifadhi majarida ya Afrika, ingawa kuwemo tu si dhamana ya kila kitu. Tazama nani yuko kwenye bodi ya uhariri na kama kweli wapo. Kisha muulize mkutubi wa chuo. Wakutubi wanajua mambo haya kuliko tunavyowapa sifa, na dawati lao mara nyingi halina foleni.

Na kwa wale wa fani ya Kiswahili: uvumi kwamba makala iliyoandikwa kwa Kiswahili haina pointi hauna msingi. Kinachotazamwa ni jarida na ukosoaji wake. Majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yamebeba kazi za wengi ambao leo ni maprofesa.

Msaada unaofika na usiofika

Vyuo huandaa mafunzo. Semina ya siku moja, mara nyingi kwenye ukumbi wa hoteli, ina mabango, kalamu, chakula cha mchana na mada ya "mbinu za kuandika makala". Sina ugomvi nayo. Lakini mhadhiri aliyekwama hana upungufu wa kuambiwa umuhimu wa kuandika. Anakosa vile vitu vitatu vilivyoondoka siku ya mahafali. Msomaji anaweza kurudishwa kwa ulezi wa kitaaluma, yaani mwandamizi mmoja kupangiwa vijana wawili au watatu na kusoma rasimu zao, na ulezi huo uhesabiwe kwenye kazi zake mwenyewe, maana usipohesabiwa haufanyiki. Tarehe ya mwisho inaweza kurudishwa na kikundi cha wenzako wanne mnaokutana kila wiki mbili, kila mmoja na kurasa zake mkononi. Muda unaweza kupatikana kwa ratiba tu: mkuu wa idara akikusanya vipindi vya mtu kwenye siku tatu badala ya kuvitawanya tano, amempa siku mbili za kuandika bila kutumia shilingi.

Fedha ni ngumu zaidi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa ruzuku za utafiti kupitia mfuko wa MTUSATE, nayo ni ya ushindani. Kuandika andiko la kuomba ruzuku ni ufundi tofauti na kuandika makala, na ndiyo semina ambayo ningeihudhuria hata kama haina chakula.

Dodoma ina kishawishi chake cha pekee. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, wizara ziko jirani, nyingine zilianzia ndani ya majengo ya UDOM kabla ya kwenda mji wa serikali wa Mtumba, na mhadhiri wa takwimu au mipango miji huitwa mara kwa mara kufanya ushauri elekezi. Kazi hiyo inalipa, na taifa linaihitaji. Ila ripoti ya ushauri elekezi haina uzito wa makala kwenye mizani ya kupanda cheo, na aliyeandika ripoti kumi nzuri anaweza kubaki pale pale. Dawa yake ipo mwanzoni mwa mkataba: kubaliana na mteja kwa maandishi kwamba data, au sehemu yake, unaweza kuichapisha baadaye.

Kufundisha ndiko kunakoachwa nyuma kabisa. Mwalimu wa kidato cha kwanza pale Makulu lazima awe amesomea ualimu. Anayefundisha chuo kikuu, ukiacha waliotokea fani ya elimu, anaweza kuingia darasani akiwa hajawahi kufundishwa jinsi ya kutunga mtihani. Wanafunzi wanamtathmini kila mwisho wa muhula na alama zao zinaingia kwenye faili, jambo zuri, lakini alama mbaya bila mafunzo ni lawama tu. Uingereza walilitazama hili tangu ripoti ya kamati ya Dearing ya mwaka 1997, iliyopendekeza wahadhiri wapewe mafunzo rasmi ya ufundishaji. Huku kwetu mafunzo mafupi yapo, ila bado kuyapata kunategemea umeajiriwa wapi na lini.

Kwenye vyuo binafsi kama St. John's, mwajiri ni mwingine na bajeti ya kusomesha ni nyingine, ingawa TCU inawasimamia wote. Mafundi sanifu wa maabara wana muundo wao, na kilio chao cha kusahaulika kwenye mafunzo kinastahili makala yake.

Kwa aliyeajiriwa mwaka huu: nenda ofisi ya utumishi uombe nakala ya mwongozo wa kupandishwa vyeo sasa, kabla hujaandika makala ya kwanza. Fungua faili lako mwenyewe. Weka barua ya kila kozi uliyopangiwa, fomu za tathmini za wanafunzi, barua za kamati ulizoteuliwa, ukurasa wa kwanza wa kila chapisho pamoja na ule unaoonyesha bodi ya uhariri ya jarida. Makala ikikubaliwa lakini haijatoka, hifadhi barua ya mhariri yenye tarehe. Mkuu wa idara atabadilika, kompyuta ya ofisi itaharibika, na kamati itataka ushahidi kutoka kwako.